Uzi: Mti wa VP1 unasema EA-2, mti wa jenomu nzima unakataa. Nani mwongo?

#1 Kwato_Mbili
Wadau, habari za jioni. Nina jenomu za virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kutoka ng'ombe wa maziwa pembeni mwa Nairobi. Sampuli 8 kwenye mbio moja ya MinION (mashine ya nanopore ya kusoma sikwensi): K1 hadi K4 ni aina O, K5 hadi K8 ni aina A. Nikichora mti wa ukoo kwa VP1 (jeni ya protini ya ganda la kirusi), nukleotidi 639, K1 hadi K4 zinakaa pamoja ndani ya topotaipu EA-2 (tawi la aina O la Afrika Mashariki), butstrapu 98 (marudio 98 kati ya 100 ya mti yanakubali). Nikichora wa jenomu nzima, K3 inawahama wenzake na kwenda kukaa na virusi vya aina A vya Afrika Mashariki. VP1 yake ni O bila ubishi.

Nilivyofanya: ngozi ya malengelenge ndani ya gliserini na bafa, ikasagwa, mikrolita 140 zikapita kwenye kiti ya kolamu. cDNA (nakala ya DNA inayotokana na RNA) kwa praima nasibu za herufi 6. Amplikoni 5 (vipande vilivyozidishwa kwa PCR) za takriban nukleotidi 1,700, zinapishana kwa 150 hivi, katika pooli (tubu) mbili: 1, 3 na 5 pamoja, 2 na 4 pamoja. PCR mizunguko 40. Penye ridi (visomo vya mashine) chini ya 20 nimeweka N, yaani herufi isiyojulikana. Picha ya jeli nimeambatisha.

Swali: ni rikombinesheni (virusi viwili kubadilishana vipande vya jenomu), au kuna mahali nimeharibu? La pili: upande wa 5′ (mwanzo wa jenomu) unakatika kila mara karibu na nafasi ya 370, kwa sampuli zote nane.

#2 Tawi_Refu
Kabla hujamwita mtu mwongo, hiyo miti miwili ina watu walewale? VP1 za Afrika Mashariki kwenye hifadhidata ni nyingi, jenomu nzima ni chache mno. Huenda kwenye mti wa VP1 K3 imekaa na ndugu zake wa damu, kwenye mti wa pili ndugu hao hawapo, ikakimbilia jirani. Chukua majina yaliyomo kwenye mti wa jenomu tu, kata VP1 zao, chora upya. Usilinganishe mti wa matawi 200 na mti wa matawi 30.

Pia panga mifuatano kwa kodoni, yaani herufi tatu tatu. Tafsiri kuwa amino asidi, panga kwa programu ya MAFFT, kisha rudisha nukleotidi. Kati ya O na A nafasi ya tatu ya kodoni imebadilika mara nyingi hadi haina habari tena, na hapo programu yoyote itakuchorea kitu na kukupa namba nzuri juu yake. Butstrapu 98 maana yake ni kwamba data inajirudia, si kwamba ni kweli.

#3 Koplo_Kodoni
Tawi_Refu yuko sawa kwa utaratibu, ila kwa virusi hivi jambo la kwanza kushuku ni rikombinesheni. Ganda la nje, yaani P1 yenye VP1 ndani yake, huwa linatembea kama furushi moja. L (kipande cha mbele ya P1) na P2 na P3 (vya nyuma yake) hubadilishwa kati ya aina tofauti bila adabu. Maeneo ya kukatika mara nyingi yako kwenye mipaka ya P1. Kwa hiyo O ya mbele na A ya nyuma si muujiza.

Usichore mti wa jenomu nzima kabisa. Chora minne: L, P1, P2, P3. Jenomu nzima kwa kirusi kinachobadilishana vipande ni wastani wa historia mbili, na wastani huo haukuwahi kutokea. Halafu pitisha programu ya GARD au RDP upate nafasi ya kukatika.

#4 Mama_Maziwa
Swali la mfugaji: hii inabadilisha nini kwangu? Chanjo inatambua ganda. Hizo P2 na P3 zenu ng'ombe hazijui.

#5 Koplo_Kodoni
Mama_Maziwa, kwa kuchagua chanjo haibadilishi chochote, VP1 inatosha kuanzia. Inabadilisha unapouliza ugonjwa umetoka boma lipi kwenda lipi. Mashamba mawili yenye VP1 sawa kabisa yanaweza kutofautiana nukleotidi kadhaa kwenye jenomu, na hizo kadhaa ndizo zinazoonyesha nani alimwambukiza nani.

#6 KontroliHasi
Naona hakuna aliyeuliza la muhimu. Kontroli hasi (tubu isiyo na sampuli) ilikuwa na ridi ngapi? Na bakodi (alama ya DNA ya kila sampuli) umedai ziwe ncha zote mbili au ncha moja? Ukikubali ncha moja, bakodi zilizobaki huru wakati wa kuunganisha adapta hushika DNA ya jirani, na K3 yako inajikuta na ridi za K5 hadi K8, ambazo ni aina A. Sadfa nzuri hiyo, sivyo?

Na linganisha P3 ya K3 na mbegu za chanjo na kontroli chanya za maabara. VP1 hubadilika karibu asilimia 1 kwa mwaka, kipimo cha mkono tu, na P3 hubadilika polepole zaidi. Ukikuta kipande cha leo kinafanana asilimia 99.9 na kirusi cha 1980, hicho hakijatoka malishoni. Kimetoka kwenye friza.

#7 PipetiKavu
Mimi namshuku PCR. Mizunguko 40! Kipande kisichokamilika katika mzunguko mmoja hugeuka praima katika mzunguko unaofuata, hujibandika kwenye kiolezo kingine, na unapata mseto ambao haujawahi kuishi ndani ya ng'ombe. Punguza iwe 28 au 30, ongeza muda wa kurefusha hadi dakika moja kwa kila 1,000, na cDNA iwe ya kutosha. Ct (mzunguko ambao PCR ya kupima inaanza kuona kirusi) ilikuwa ngapi? Ikipita 28 hivi, molekyuli za kuanzia ni chache na mseto mmoja wa mapema unaweza kutawala tubu nzima.

Kuhusu 5′: hapo umegonga poli-C. Ni mlolongo wa herufi C, karibu 100 hadi zaidi ya 400, na urefu wake hutofautiana hata ndani ya sampuli moja. Polimerasi huteleza, nanopore haihesabu. Hata jenomu nyingi zilizochapishwa zina pengo papo hapo. Soma kipande cha S (kilicho kabla ya poli-C) kivyake, praima moja kabla ya poli-C, nyingine mwanzo kabisa, kisha weka pengo. Usijaze C za kubuni.

#8 Fundi_Friza
Pia uliza stima ilipotea mara ngapi. RNA iliyoyeyuka na kuganda mara tatu inakatika vipande. Amplikoni ya 400 inapita, ya 1,700 inakataa. Halafu gliserini: pH ikishuka chini ya 6.5 kirusi kinakufa.

#9 PipetiKavu
Fundi, kinakufa lakini kinasomeka. Ganda linafunguka, RNA inabaki kwa muda kama hakuna RNase, kimeng'enya kinachokata RNA. Kwa kukuza kwenye seli umepoteza, kwa sikwensi bado una nafasi. pH ya bafa iwe kati ya 7.2 na 7.6, hilo tunakubaliana.

#10 Kwato_Mbili
Asanteni. Majibu:

Kontroli hasi: ridi 11, zote amplikoni 5. Bakodi: ncha moja, nakiri. Nimerudia kwa ncha mbili, theluthi ya ridi zimeondoka, K3 haijahama.

Nimepunguza miti iwe na majina yaleyale kama alivyosema Tawi_Refu. VP1 bado O ya EA-2. L iko na O. P1 iko na O. P2 na P3 ziko na A. GARD inakata kidogo baada ya 2A, kipande kifupi kinachofuata VP1.

Ct ya K3 ilikuwa 27. P3 haifanani na mbegu yoyote ya chanjo niliyo nayo.

#11 KontroliHasi
"Haijahama" si sawa na "haina uchafu". Amplikoni 5 ndiyo 3D, yaani mwisho wa P3, na ndiyo iliyojitokeza kwenye kontroli hasi. Hilo silisahau.

#12 Sotoka_Mzee
Vijana, mnapigania kirusi cha herufi 8,400. Sotoka ilikuwa na 15,882, na mtu akikuletea jenomu ya sotoka unaanza kwa kugawanya kwa 6. 15,882 inagawanyika. Surua 15,894, inagawanyika. Sotoka ya mbuzi na kondoo 15,948, inagawanyika. Protini ya N, inayofunika RNA, hushika nukleotidi sita sita, na urefu usiogawanyika haunakiliwi vizuri. Ukipata 15,881 jua mashine imemeza herufi. Hivyo ndivyo kirusi kinavyokusaidia kusahihisha. Cha miguu na midomo hakina huruma hiyo.

#13 Nyati_Pweke
Mzee, na ni kweli surua ilitokana na sotoka karne ya 11? Na kwamba sotoka iliisha 2011?

#14 Sotoka_Mzee
Mawili, yote yanahitaji marekebisho. 2011 ni mwaka wa kutangaza. Kisa cha mwisho kuthibitishwa kilikuwa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Chanjo ya seli iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa Muguga na Walter Plowright, kutokana na kirusi cha Kabete O.

Karne ya 11 ni makadirio ya zamani. Mwaka 2020 walisoma jenomu ya surua kutoka pafu lililohifadhiwa Berlin tangu 1912, wakarekebisha saa ya molekyuli, utengano ukarudi nyuma hadi karibu karne ya 6 kabla ya Kristo. Na si kwamba surua ni mtoto wa sotoka ya Kabete. Wana babu mmoja, basi.

#15 Tawi_Refu
Na sababu ya kuruka miaka elfu na zaidi ni ndugu ya ile niliyosema #2. Mabadiliko mabaya huonekana kwenye sampuli za miaka michache, halafu uteuzi huyafuta. Ukipima kasi kwa miaka 50 kisha ukairefusha nyuma, kila babu anaonekana kijana. Kwa hiyo mtu akikuletea tarehe za programu ya BEAST bila kwanza kuonyesha kipimo cha TempEst (kama data ina saa), mwambie arudi. Kama umbali kutoka shinani haupandi na tarehe, hakuna saa ya kusoma.

#16 Nyati_Pweke
Nauliza tena kwa sababu sijachoka: basi hata mapele ya ngozi yanayomaliza ng'ombe yanapimwa hivihivi?

#17 Koplo_Kodoni
Hapana. Mapele ya ngozi ni kirusi cha DNA, ndugu wa ndui ya kondoo, jenomu karibu 151,000, kinabadilika polepole. Ndigana kali si kirusi hata kidogo. Za RNA kwa ng'ombe hesabu hizi: miguu na midomo, homa ya Bonde la Ufa ambayo ina vipande vitatu L, M na S, homa ya siku tatu, kirusi cha kuhara cha BVDV, korona ya ng'ombe, rota ya ndama yenye vipande 11.

Na kabla mtu hajasema virusi vyote vya RNA havisahihishi makosa: korona inasahihisha, ndiyo maana inaweza kubeba karibu 31,000.

#18 Mama_Maziwa
Wamaasai wanauita ugonjwa huu oloirobi, na Enkare Nairobi ni maji baridi. Kwa hiyo mji wetu na kwato zetu zina mti mmoja. Butstrapu ngapi, Tawi_Refu?

#19 Tawi_Refu
Matawi mawili hayawezi kuwa na butstrapu, mama. Lete maneno mawili zaidi.

#20 PipetiKavu
Turudi kwa K3. Amplikoni 3 inaanzia karibu 3,500, ndani ya VP1, na kuishia ndani ya 2C, jeni ya P2. Yaani kila ridi ya amplikoni 3 imebeba mkia wa VP1 pamoja na 2B na sehemu ya 2C kwenye molekyuli moja. Usitazame konsensasi (mfuatano wa wengi). Panga ridi mojamoja: ngapi zina mkia wa O na 2C ya A? Ngapi O mwanzo mwisho? Ngapi A mwanzo mwisho?

#21 Kwato_Mbili
Nimehesabu. Karibu nne kati ya tano: mkia wa O, kisha A, zinakatika eneo lilelile. Moja kati ya tano: O mwanzo mwisho. A mwanzo mwisho: sifuri. Kwenye amplikoni 5 uwiano ni uleule, nne A, moja O.

#22 Koplo_Kodoni
Basi kesi imeisha. Mseto wa PCR hukatika kila mahali, hauchagui mpaka wa 2A. Na kama uchafu wa aina A ungekuwepo, ungeona A mwanzo mwisho. Ng'ombe huyu ana kirusi cha mseto halisi pamoja na mzazi wake wa O.

#23 PipetiKavu
Haijaisha. Praima ya mbele ya amplikoni 3 imekaa ndani ya VP1 na imetengenezwa kwa aina O. Haishiki A. Kwa hiyo A mwanzo mwisho haiwezi kuonekana hata ikiwa imejaa tubu! Praima ya nyuma, iliyo kwenye 2C isiyobadilika, inashika zote mbili. Inatengeneza nyuzi za A zinazorefuka kuelekea VP1 bila mwenzi, mzunguko baada ya mzunguko. Hizo ndizo zinazojibandika kwenye O, na zitajibandika pale O na A zinapofanana, yaani baada ya 2A. Mpaka uleule mnaoushangilia. Na amplikoni 5 ina praima zisizobadilika pande zote, ndiyo maana inaonyesha mchanganyiko tu.

#24 Koplo_Kodoni
Nne kati ya tano kwa kujibandika? Unaipa PCR sifa nyingi kuliko inavyostahili.

#25 PipetiKavu
Mizunguko 40, bwana.

#26 Seramu_Safi
Mbona msikuze kirusi kwenye seli, mchague kirusi kimoja, mmalize ubishi?

#27 KontroliHasi
Kwa sababu seli zitachagua kabla yenu. Ukikuza aina O kwenye seli za BHK mara chache, nafasi ya 56 ya VP3 hugeuka kutoka histidini kuwa arginini, kirusi kinajifunza kushika heparani, sukari iliyo juu ya seli, na mwenye kukua haraka anamzika mwenzake. Ukipata mmoja hujui ndiye aliyekuwa mwingi ndani ya ulimi. Na angalia seramu ya ndama unayotumia. BVDV huingia humo kimya kimya, haiui seli, halafu mtu anaandika kwamba amegundua maambukizi mawili kwa ng'ombe mmoja.

#28 Fundi_Friza
Fanya sikwensi bila praima za kirusi, yaani nasibu kila kitu. Hapo hakuna upendeleo wa VP1.

#29 PipetiKavu
Sawa, ila toa upya kutoka kwenye ngozi, bila RNA ya kubebea ile inayowekwa kwenye bafa ya kuyeyusha. Ni poli-A tupu, mikrogramu 5.6 kwa sampuli. Ukitumia praima ya poli-T itainywa yote, na maktaba yako ya sikwensi itajaa herufi A. Weka poliakrilamidi ya mstari badala yake. Ua DNA kwa DNase, punguza RNA ya ribosomu ya ng'ombe, la sivyo sehemu kubwa ya ridi itakuwa ng'ombe. Kwa ridi fupi hutaunganisha VP1 na 2C kwenye molekyuli moja, lakini utajibu swali moja: je, kuna VP1 ya A humo ndani?

#30 Tawi_Refu
Swali hilo lina jibu la bei nafuu. PCR ya VP1 kwa praima za aina A, moja kwa moja kwenye RNA ya K3. Hakuna VP1 ya A, basi P2 na P3 za A zimefika bila ganda lake, ni mseto. Ipo, mmechanganya.

#31 Kwato_Mbili
RNA imebaki mikrolita 12. Nimetumia 5. Mkanda wa VP1 ya A umetokea baada ya mizunguko 40, hafifu sana. Kwenye kontroli hasi hakuna kitu.

#32 KontroliHasi
Nilisema.

#33 Koplo_Kodoni
Hafifu sana, wakati P3 ya A ni nne kati ya tano? Kama A ingekuwa asilimia 80 ya tubu, VP1 yake ingewaka kama ya O. Uchafu upo, lakini mdogo. Mseto pia upo. Vyote viwili.

#34 Tawi_Refu
Au praima zako za A hazilingani vizuri na A hiyo. Umezijaribu kwa K5 hadi K8?

#35 Kwato_Mbili
K5, K6 na K7 zinawaka vizuri. K8 hafifu.

#36 Fundi_Friza
Ngoja. Kwenye ile picha ya jeli ya #1, njia ya nne kutoka kushoto. Hiyo lebo ni K3 au ni K8? Wino umeoshwa na pombe.

#37 Koplo_Kodoni
Hata iwe K8, haielezi mkia wa O na 2C ya A kuwa kwenye ridi ileile.

#38 PipetiKavu
Kama kuna aliyerudisha cDNA ya tubu moja kwenye nyingine, na mizunguko ni 40, inaeleza vizuri sana.

#39 Kwato_Mbili
Nimekuza picha, siwezi kuapa. Ngozi ya K3 na ya K8 bado zipo kwenye −80, gramu moja moja. Kesho nazitoa upya siku tofauti, kolamu tofauti, mizunguko 28, na praima ya mbele ya amplikoni 3 nairudisha nyuma hadi VP3. PipetiKavu, nipe halijoto ya kugeuza cDNA.

#40 PipetiKavu
Nyuzi 50, dakika 50. Na andika lebo kwa penseli.